Miria Matembe: aliyoyapoteza bungeni na aliyoyaacha katibani

Mtaje Miria Matembe kwenye kibaraza chochote cha kahawa cha Waswahili wa Uganda, iwe Kisenyi, Bombo au Arua, na kabla kahawa haijapoa mtu ataleta habari ya kuhasi. Ndiye yule mbunge aliyetaka wanaume wanaonajisi watoto wahasiwe. Watu watacheka, mmoja ataapa kwamba alimsikia redioni kwa masikio yake mwenyewe, mwingine atakumbusha kwamba msichana mbishi mtaani bado huitwa Matembe. Halafu mazungumzo yatarudi kwenye mpira.

Kicheko hicho kinamdhulumu, lakini nina shaka pia na wanaomsifu. Wao humkumbuka kama simba wa Bunge. Nikipima kwa yaliyopita bungeni, hesabu haimbebi. Alikaa humo tangu 1989 hadi 2006, na mapambano mawili makubwa aliyoyapigana kama mbunge, la ardhi na la mihula ya rais, alishindwa yote mawili. Kazi yake iliyodumu aliifanya pembeni ya Bunge la kawaida, kwenye tume ya katiba na kwenye baraza lililoipitisha, na mavuno ya kazi hiyo yalikuja kuvunwa mahakamani na mawakili wengine. Nalileta jambo hili kwa sababu kila msimu wa uchaguzi tunawaona mawakili wanawake wakivua joho kwenda kutafuta kiti, na ni wachache wanaoulizwa wanakwenda kufanya nini huko ambacho wasingeweza kukifanya wakibaki mahakamani.

Matembe alizaliwa Kashari, Mbarara, mwaka 1953. Alisoma Bweranyangi, kisha Namasagali kule Kamuli, na akamaliza shahada ya sheria Makerere mwaka 1976, Amin akiwa bado Ikulu. Miaka minne kabla ya hapo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa amechukuliwa na watu wenye silaha akiwa mahakamani, mchana kweupe, na hakurudi tena. Kizazi hicho cha wanasheria kilijua mapema kwamba sheria isiyo na katiba yenye meno ni karatasi ya kufungia maandazi.

Mwaka 1985, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa wanawake Nairobi. Hapa Uganda, mwezi huo huo wa Julai, Obote alipinduliwa kwa mara ya pili na nchi ikawa haina mwenyewe. Ni katika vurugu hizo kundi la wanawake wasomi, Matembe akiwa mmoja wao, walianzisha ACFODE, shirika la kutetea haki za wanawake. Nimewahi kusikia watu wakisema NRM, harakati ya Museveni, ndiyo iliyowaletea wanawake wa Uganda haki zao. Tarehe hazikubaliani na hadithi hiyo. Museveni alipoingia Kampala Januari 1986, aliwakuta wanawake tayari wana orodha: wizara yao, nafasi ya mwanamke katika kila ngazi ya halmashauri za RC, yaani mabaraza ya kijiji hadi wilaya, na sauti katika kuandika katiba. Serikali mpya iliyohitaji marafiki ikawasikiliza. Wao walihitaji mlango, yeye alihitaji watu wa kuupitia, na biashara hiyo ilifaa pande zote mbili kwa muda.

Mlango wenyewe ukawa kiti cha mwanamke wa wilaya. Baraza la taifa la NRC, lililokuwa Bunge wakati huo, lilipopanuliwa mwaka 1989, kila wilaya ilipeleka mwanamke mmoja, na Mbarara ikampeleka Matembe. Lakini tazama walimpeleka kina nani. Hawakuwa wananchi wote. Wapiga kura walikuwa viongozi wa halmashauri, watu wachache waliokusanywa mahali pamoja, ambao serikali iliwajua kwa majina. Utaratibu wa wajumbe kumchagua mwanamke wa wilaya uliendelea hadi uchaguzi wa 2006, ndipo kura ikawa ya kila mtu mzima. Maana yake ni kwamba kwa muda wote wa Matembe bungeni, mwanamke wa kiti hicho aliweza kupendwa na soko zima na bado akaanguka, iwapo wenyeviti wa huku na kule wangepigiwa simu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Matembe alikuwa mtu wa Movement, yaani NRM, bila kificho, aliamini siasa bila vyama, na sidhani kwamba wakati huo aliiona kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kiti.

Mwaka huo huo wa 1989 aliteuliwa kwenye Tume ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki. Wajumbe 21, wanawake wawili: yeye na Mary Maitum, mwanasheria mwenzake ambaye baadaye alikuwa jaji. Uwiano huo ungeweza kuwatosha wanaume kusema wamewashirikisha wanawake na kufunga mjadala. Haikuwa hivyo, na sababu ni kwamba wawili hawa hawakuwa peke yao. Tume ilizunguka nchi na kupokea maoni ya maandishi zaidi ya 25,000, kutoka kwa watu binafsi, vijiji, makanisa, misikiti na vikundi vya wanawake vilivyofundishwa na wanaharakati namna ya kuandika malalamiko yao yakawa mapendekezo ya katiba. Mwanasheria ndani ya chumba, mwanaharakati nje akimletea karatasi. Kwenye Baraza la Katiba la 1994 na 1995, ambako Matembe alikuwa tena mjumbe, wanawake waliunda umoja wao uliovuka mipaka ya makabila na dini, na wakavuka na rasimu mikononi.

Kilichotoka humo mnakijua, au mnapaswa kukijua. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia. Ibara ya 31 inampa mke na mume haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Ibara ya 32 inaamuru hatua za makusudi za kuwainua walioachwa nyuma. Ibara ya 33 ni ya wanawake peke yao, na ndani yake kuna kifungu kidogo cha sita kinachopiga marufuku sheria, mila na desturi zinazomvunjia mwanamke utu, ustawi au hadhi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema aliyaandika hayo yote, na sitampa Matembe sifa ya peke yake. Lakini alikuwa kwenye tume iliyoyapika na kwenye baraza lililoyapakua, na walioshika vyote viwili hawakuwa wengi.

Ipo ibara nyingine ambayo wanasiasa huitaja mara chache: ya 137. Inasema mtu yeyote anayedai kwamba sheria au kitendo kinapingana na Katiba anaweza kwenda Mahakama ya Katiba. Hahitaji kuwa ameumizwa yeye mwenyewe. Hahitaji kuwa mbunge. Ukisoma ya 31 na ya 33 peke yake unaona ahadi nzuri. Ukiisoma na ya 137 pembeni, unaona panga.

Tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo Bunge lilipomwonyesha Matembe ukubwa wake halisi.

Mwaka 1998 serikali ilileta muswada wa ardhi. Kwa wanawake wa nchi hii, ardhi ndiyo kila kitu. Wanalima, wanapalilia, wanavuna, na hati inasoma jina la mume, au la baba mkwe aliyekwisha kufa. Mume akifa au akioa upya, au akipata mnunuzi baa, mke hana pa kusimamia. Matembe na wenzake, wakisaidiwa na UWONET, mtandao wa mashirika ya wanawake, na muungano wa mashirika ya ardhi, walitaka kifungu kimoja: ardhi ambayo familia inaishi na kujilisha iwe mali ya mume na mke kwa pamoja. Siku ya mjadala, mwezi Juni, walitoka ukumbini wakiamini kimepita. Sheria ilipochapishwa, hakimo.

Kikapewa jina la kifungu kilichopotea, kana kwamba kilishuka njiani kwenye teksi. Maelezo yakatolewa ya huku na kule, kwamba taratibu hazikufuatwa, kwamba jambo hilo ni la sheria ya ndoa na si la sheria ya ardhi. Kilichobaki kilikuwa ridhaa: mume asiuze ardhi ya familia bila mke kukubali. Baada ya kelele za miaka kadhaa, marekebisho ya 2004 yaliongeza kwamba mke na mume wana usalama wa kuishi kwenye ardhi hiyo na kuitumia. Bunge likajipongeza.

Ridhaa na umiliki havilingani. Mwenye umiliki anaweza kuikopea, kuirithisha, na ndoa ikivunjika anaondoka na fungu lake. Mwenye ridhaa ana neno moja tu, hapana, na analisema mbele ya mtu anayelala naye nyumba moja na ndugu zake wanaoishi upande wa pili wa migomba. Mauziano ya kijijini huandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wa LC1, na mashahidi wawili watatu. Mwenyekiti huyo mara nyingi ni binamu wa muuzaji. Ni mke gani atakayesimama hapo aseme hapana, kisha jioni arudi kupika?

Hata hivyo wapinzani wa kifungu kile hawakuwa wanyang'anyi wote, na ni makosa ya kambi ya Matembe kuwasikia hivyo. Kulikuwa na hoja ngumu. Nyumba yenye wake watatu, nani mmiliki mwenza? Mke wa kwanza aliyefyeka pori, au wa tatu aliyekuja nyumba ikiwa imeshaezekwa? Shamba la ukoo lililo jina la mume kwa sababu tu yeye ndiye kifungua mimba, je, nalo liwe nusu kwa nusu? Haya si maswali ya kejeli. Yalikuwa na majibu ya kisheria, lakini yalihitaji kuketi na watu, na wakili aliyezoea kushinda kwa hoja huona kuketi na watu ni kupoteza muda.

Mwaka huo huo wa 1998 Matembe akawa waziri wa maadili. Sisemi alipewa uwaziri ili anyamaze, maana hakunyamaza. Ila kiti cha waziri kina kanuni yake: unasema lililokubaliwa mezani au unaondoka. Wizara yenyewe sina mengi ya kuisema. Sheria ya maadili ya viongozi ya 2002, inayowataka watangaze mali zao, ilipita akiwa pale, na mali zikaendelea kuota.

Machi 2003, wakuu wa Movement walikutana Kyankwanzi na likaja wazo la kuondoa kwenye Katiba ukomo wa mihula miwili ya rais. Watu watatu waliokuwa mawaziri walipinga kwa sauti iliyosikika nje: Eriya Kategaya, rafiki wa rais tangu utotoni, Jaberi Bidandi Ssali, na Matembe. Mwezi Mei baraza la mawaziri likapanguliwa na wote watatu wakawa nje. Kategaya alirudi serikalini 2006 na akafa akiwa waziri. Matembe hakurudi. Alimaliza muda wake bungeni, akawa pia kwenye Bunge la Afrika lilipoanza 2004, na huku nyumbani akashuhudia wabunge wakipewa shilingi milioni tano kila mmoja, eti za kuwauliza wananchi maoni. Mwaka 2005 ukomo ukaondolewa.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaoandika Kiswahili nchini Uganda hatulisemi sana. Sheria ya marekebisho ya Katiba ya 2005 iliyofuta mihula ndiyo hiyo hiyo iliyokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Tulipata lugha yetu kwenye sahani moja na hayo mengine. Nakitumia, nakipenda, na sijui kama kuna aliyetuuliza bei.

Ukiyaweka mapambano hayo mawili pamoja unaona kitu kimoja. La ardhi aliligusa shamba la mwanamume, la mihula aliligusa shamba la mkuu. Kiti kilichotolewa na mwenye nyumba kilimruhusu Matembe kusema karibu lolote, hata la kuhasi, mradi asiguse mashamba hayo mawili. Kuhusu la kuhasi, nitasema wazi kwamba lilimgharimu. Lilikuwa hasira ya haki juu ya watoto walioharibiwa, lakini liliwapa wapinzani wake kicheko cha kuazima kila alipoleta jambo zito. Alipozungumza hati za ardhi, wao walisikia kisu.

Sasa mahakamani.

Machi 2004 Mahakama ya Katiba iliamua ombi la chama cha wanasheria wanawake, FIDA-Uganda, kilichokuwepo tangu 1974. Sheria ya talaka ya 1904 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa kosa moja la uzinzi. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake ukatili, au kutelekezwa, au kingine. Miaka 100 kamili sheria hiyo ilikaa. Majaji wakaiweka pembeni ya Ibara ya 21, ya 31 na ya 33, wakasema haiwezi kusimama.

Aprili 2007 ikaja kubwa zaidi, iliyoletwa na LAW-U, shirika la kuwatetea wanawake kisheria. Kifungu cha uzinzi katika sheria ya jinai kilimtia hatiani mke aliyelala na mwanamume yeyote, lakini mume aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa na kosa. Kikafutwa chote. Wapo waliosikitika kwamba mahakama haikuwabana na waume badala ya kuwafungulia wote, lakini kazi ya mahakama ni kufuta, haitungi. Siku hiyo hiyo vifungu vya sheria ya mirathi navyo vikaanguka. Sheria hiyo ilizungumza juu ya mwanamume tu aliyekufa bila wosia, kana kwamba wanawake hawafi au hawana kitu, na mali yake iligawanywa hivi: watoto asilimia 75, mjane 15, wategemezi 9, mrithi wa kimila 1. Mwanamke aliyejenga nyumba pamoja na marehemu anapewa 15, tena kama ni wajane wanne wagawane hiyo hiyo.

Mmoja wa waliokuwa nyuma ya LAW-U ni Dora Byamukama, mwanasheria, na tangu 2001 hadi 2006 alikuwa mbunge wa Mwenge Kusini. Tena si kwa kiti cha wanawake. Alipambana na wanaume kwenye jimbo la kawaida. Maombi hayo yalifunguliwa 2005 na 2006. Yaani mtu aliyekuwa na haki ya kuleta muswada, aliyekuwa anakaa bungeni kila wiki, shirika lake liliona ni afadhali kwenda kwa majaji. Sijaona hukumu kali zaidi ya hiyo juu ya Bunge la wakati ule, na haikuandikwa na jaji yeyote. Baadaye Byamukama alikwenda Arusha, kwenye Bunge la Afrika Mashariki.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya mahari iliyoletwa na MIFUMI, shirika lenye mizizi Tororo. Majaji hawakuikataa mahari yenyewe. Walikataa desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika, ng'ombe kwa ng'ombe, kana kwamba mke alikodishwa. Wazazi maskini waliokuwa wakimlazimisha binti arudi kwa mume mpigaji kwa sababu ng'ombe wameshaliwa, walipata pa kuegemea.

Matembe hakusimama kwenye kesi hizo. Lakini kila moja ilishinda kwa maneno yaliyoandikwa kati ya 1989 na 1995. Ndiyo maana nasema aliyepoteza bungeni alishinda mahakamani bila kuwapo.

Nisiwe shabiki kupita kiasi, kwa kuwa hoja hii ina mpaka wake. Tazama mirathi. Mahakama ilibomoa 2007, na kubomoa tu. Bunge lilichukua miaka 15 kujenga: sheria mpya ya mirathi ilikuja 2022. Kwa miaka yote hiyo wajane walikuwa kwenye uwanja usio na ukuta, kila hakimu akijua lililofutwa na wachache wakijua la kuweka badala yake. Na ilipokuja, fungu la mwenzi lilipanda kutoka 15 hadi 20. Asilimia tano kwa miaka 15. Angalau sasa inahesabu mume na mke sawasawa, na nyumba ya ndoa ina ulinzi wa kweli. Bila wabunge wanawake waliosukuma nadhani tungekuwa bado tunasubiri.

Ukeketaji nao unanipinga. Huko Bunge lilitangulia: sheria ya kuukataza ilipita Desemba 2009, na Mahakama ya Katiba ikaja nyuma yake katikati ya 2010. Kwa nini hapo lilikuwa jepesi? Jibu langu si la kupendeza. Desturi hiyo iko kwa Wasebei na Wapokot, watu wachache wa mpaka wa mashariki. Mbunge wa Masaka au Gulu aliipigia kura bila kupoteza hata kipande cha shamba. Sheria ya ardhi na ya ndoa humgusa kila mwanamume aliyekaa ukumbini.

Ya ndoa ndiyo aibu kubwa zaidi. Tume ya Kalema ilipendekeza kuzipanga upya sheria za ndoa mwaka 1965. Muswada umeletwa kwa majina tofauti, ukachanwa vipande, ukaunganishwa, na mwaka 2013 ukawekwa kabatini wabunge walipotumwa kwenda kuwauliza wananchi. Spika wakati huo alikuwa Rebecca Kadaga, naye mwanasheria, naye aliyeingia bungeni 1989 kwa kiti cha wanawake, cha Kamuli. Alikuwa na nyundo mkononi na bado haukupita. Basi si suala la nani amekalia kiti cha mbele.

Waislamu, ambao ni wengi kati ya wasomaji wa Kiswahili hapa, wana sehemu yao katika hadithi hii. Machi 2005 wanawake wa Kiislamu waliandamana Kampala kuupinga muswada wa mahusiano ya nyumbani, hasa kwa sababu ya masharti yake juu ya mke zaidi ya mmoja. Wanaharakati wengi walisema wametumwa na waume zao. Sikubali. Wapo waliotumwa, lakini wapo walioogopa jambo la maana: mke wa pili au wa tatu, ambaye ndoa yake ni halali mbele ya Mungu na jamaa zake, sheria ingemwacha wapi? Muswada ulioandikwa na mawakili wa Kampala haukuwa na jibu la kumtuliza, na mawakili hao hawakwenda kumuuliza hadi alipokuwa barabarani na bango.

Leo ndoa zetu za Kiislamu bado ziko chini ya sheria ya 1906, ya kikoloni, fupi, isiyosema karibu lolote kuhusu mali. Na Katiba ile ile ya Matembe na Odoki, katika Ibara ya 129, ilitaja mahakama za makadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, zitakazoundwa na Bunge kwa sheria. Zaidi ya miaka 25 ikapita bila Bunge kuitunga sheria hiyo. Mwanamke wa Kiislamu wa Kibuli anayeachwa leo anazungushwa kati ya ofisi ya kadhi, ambayo uamuzi wake anaweza kuukaidi mume, na hakimu ambaye hajui eda ni nini.

Viti vya wanawake wa wilaya vilikuwa 39 wakati Katiba mpya inaanza. Vikawa 56 mwaka 2001, 112 mwaka 2011, 146 mwaka 2021. Vinaongezeka kwa sababu wilaya zinaongezeka, na wilaya zinaongezeka kwa sababu ambazo kila mpiga kura anazijua. Mgombea wa kiti hicho anazunguka majimbo mawili, matatu, manne, kwa mafuta yake, kutafuta mshahara ule ule anaoupata mwenzake wa jimbo moja. Anapofika ana deni. Mwenye deni hapigani vita vya kifungu cha ardhi.

Wapo wanaojaribu kushika ncha zote mbili. Shamim Malende, wakili aliyechaguliwa mbunge mwanamke wa Kampala mwaka 2021 kwa tiketi ya chama cha upinzani cha NUP, aliendelea kuonekana kwenye mahakama ya kijeshi ya Makindye akiwatetea wafuasi wa chama chake. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa huko. Kabla Mei haijaisha, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwarudisha katika mazingira fulani. Kwa hiyo mshale hurudi upande wa pili pia: mahakama ikibomoa kitu ambacho wakubwa wanakitaka, Bunge hilo hilo lililohitaji miaka 15 kwa wajane linahitaji miezi minne tu.

Baada ya 2006 Matembe alishiriki kuanzisha CEWIGO, kituo cha kuwaandaa wanawake kwa uongozi, na mpaka alipozeeka hakuacha kuwakemea watawala. Namheshimu kwa hilo. Ila natofautiana na mkazo wa kuongeza wanawake kwenye viti vilevile. Wapo mawakili wanawake wa Kiislamu Kampala, Mbale, Arua, waliohitimu Makerere na Chuo Kikuu cha Kiislamu, wanaojua Ibara ya 31 na wanaojua pia eda, mahari na fungu la mjane kwa mujibu wa Qurani. Baadhi yao nawasikia wakitajwa kwa ubunge. Mimi kura yangu itakwenda kwa yule atakayekuja na rasimu ya sheria ya makadhi iliyokwisha kusomwa na wake wenza wa Kisenyi na kukosolewa nao, pamoja na ombi lililo tayari la Mahakama ya Katiba, endapo Bunge litamwambia asubiri.